Majeruhi na Macho ya Umma

Kwa siku 79 za mwaka 1881 Wamarekani walilala na kuamka na habari za mgonjwa mmoja. Rais James Garfield alipigwa risasi Julai 2 katika kituo cha treni mjini Washington, na madaktari wake, wakiongozwa na Willard Bliss, wakawa wanatoa taarifa kila siku: mapigo ya moyo, joto la mwili, hata alichokula. Watu walijazana nje ya ofisi za magazeti kusoma mabango. Taarifa zilijaa matumaini, ilhali ndani ya mwili wa rais usaha ulikuwa ukisambaa, kwani madaktari haohao walikuwa wamechokonoa jeraha kwa vidole visivyo safi. Alipofariki Septemba 19, hasira ziliwageukia madaktari hao pia. Muuaji wake, Charles Guiteau, alithubutu kudai mahakamani kwamba yeye alifyatua tu risasi, walioua ni madaktari.

Karne moja baadaye, Machi 1981, Rais Ronald Reagan alipopigwa risasi, wasaidizi wake walisambaza mizaha aliyoitoa akiwa hospitalini, na taifa likacheka. Wachache walijua kwamba alikuwa amepoteza damu nyingi kiasi cha kukaribia kufa. Siku hiyohiyo televisheni zilitangaza kifo cha msemaji wake, James Brady, ambaye alikuwa hai.

Kosa hilo lilirudiwa Januari 8, 2011, huko Tucson, Arizona. Mbunge Gabrielle Giffords alipigwa risasi ya kichwa akizungumza na wapigakura nje ya duka kubwa. Watu 6 wakauawa. Redio ya umma, NPR, ikatangaza kwamba amefariki, na vituo vingine vikafuata mkumbo. Mumewe, mwanaanga Mark Kelly, aliipata habari hiyo ya uongo akiwa njiani kumfuata. NPR iliomba radhi. Nje ya hospitali watu waliweka mishumaa, maua na midoli. Ndani yake wafanyakazi watatu walifukuzwa kazi kwa kuchungulia faili za wagonjwa. Mapenzi na udadisi vilikuwa mahali pamoja.

Kisha likaja neno "muujiza". Kila alipofumbua macho au kusimama, lilitajwa. Mimi neno hilo linanikera. Linafuta kazi ya wataalamu waliomfundisha kutamka upya, na linamnyima mgonjwa haki ya kuchelewa kupona. Giffords alibaki na afasia: anajua analotaka kusema, maneno hayaji. Novemba 2011 watazamaji walimwona kwenye televisheni akilia kwa kukosa neno. Hapo ndipo wengi walipoelewa, na miezi miwili baadaye akajiuzulu ubunge.

Mwanafunzi Malala Yousafzai alipopigwa risasi Oktoba 2012 katika bonde la Swat, Pakistan yote iliomba dua. Picha zake kutoka hospitali ya Birmingham zilipotolewa, dunia ilifurahi, lakini kwao baadhi ya watu walianza kusema ni mchezo wa kuigiza. Kadiri alivyopona na kusifiwa ugenini, ndivyo shaka ilivyokua nyumbani.

Watanzania tunalijua hilo kwa karibu. Mbunge wa upinzani Tundu Lissu alimiminiwa risasi mjini Dodoma mchana wa Septemba 7, 2017, akasafirishwa usiku huo hadi Nairobi, kisha Januari 2018 akapelekwa Leuven, Ubelgiji. Picha zake kitandani zilisambaa simu kwa simu. Watu walichanga fedha, huku Bunge na familia yake wakivutana juu ya nani alipe gharama za matibabu. Mapema mwaka 2019 alipoanza kuhojiwa na vyombo vya nje kama BBC, waliomhurumia waligawanyika: wapo waliosema anaichafua nchi, kana kwamba majeruhi anastahili huruma akiwa kimya tu. Juni mwaka huo Spika Job Ndugai alitangaza kwamba amepoteza ubunge, moja ya sababu ikiwa ni utoro.

Lissu alirejea Dar es Salaam Julai 27, 2020, akichechemea, akapokewa na umati. Hakuna mtu yeyote aliyefikishwa mahakamani kwa kumpiga risasi.