Mchoro Unaolingana na Mfumo: Mwongozo wa Kuchagua Programu za Kuchora Miundo ya Kanzidata

Na Mwandishi Wetu

Kumbukumbu nyingi za utumishi wa umma siku hizi hutunzwa katika kanzidata: majina ya wanafunzi, viwanja vilivyopimwa, ankara za maji, kadi za chanjo za watoto. Mwananchi haioni kanzidata hiyo, lakini huhisi athari yake anapofika dirishani na kuambiwa kuwa jina lake halionekani, au kwamba kumbukumbu zake zimeandikwa mara mbili kwa namba tofauti. Kasoro ya namna hiyo huweza kuwa ilizaliwa siku ya kwanza ya usanifu, kabla mstari mmoja wa msimbo haujaandikwa.

Njia iliyozoeleka ya kuikamata kasoro mapema ni kuuchora muundo wa kanzidata na kuujadili kabla ya kuujenga. Programu za kazi hiyo ni nyingi, na zinatofautiana sana kwa uwezo na gharama. Makala haya yanaeleza tofauti hizo na mambo ambayo taasisi inapaswa kuyapima kabla ya kuchagua.

Asili ya michoro hii

Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM, alipendekeza taarifa zihifadhiwe katika majedwali yanayohusiana. Mwaka 1976 Peter Chen alichapisha namna ya kuuonesha muundo wa taarifa kwa picha: vitu vinavyotunziwa kumbukumbu, sifa zake, na uhusiano uliopo kati yake. Michoro ya leo ni mizao ya mawazo hayo mawili.

Katika mtindo unaotumika sana, kila jedwali ni kisanduku, na kila uhusiano ni mstari. Mwisho wa mstari uliochanuka mara tatu, kama mguu wa kunguru, humaanisha “wengi”. Kistari kinachoukata humaanisha “mmoja”. Duara dogo humaanisha kuwa huenda asiwepo kabisa. Mtu asiye mtaalamu wa TEHAMA anaweza kujifunza alama hizo kwa muda mfupi, na hapo ndipo penye faida kubwa ya mchoro: humwezesha anayeijua kazi kumsahihisha anayejenga mfumo.

Mfano wa kliniki ya watoto

Tuchukue mfumo wa kutunza kumbukumbu za chanjo. Msanifu mwenye haraka anaweza kuunda jedwali moja la watoto na kuweka ndani yake safuwima za Penta ya kwanza, ya pili na ya tatu, kwa kuwa chanjo hiyo hutolewa mtoto anapofikisha wiki 6, 10 na 14. Mfumo utafanya kazi hadi ratiba itakapobadilika. Nchini Tanzania ratiba imebadilika zaidi ya mara moja: mwaka 2013 ziliingizwa chanjo za kukinga nimonia na kuhara kunakosababishwa na virusi vya rota, na mwaka 2018 chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa kwa wasichana nchi nzima. Kwa muundo ule, kila chanjo mpya inadai safuwima mpya, fomu mpya na ripoti mpya.

Mchoro huliweka wazi tatizo hili. Mtoto mmoja hupata chanjo nyingi, na chanjo moja hutolewa kwa watoto wengi. Kwa hiyo panahitajika jedwali la tatu kati yao, linaloandika kila tukio la kuchanjwa, tarehe yake na kituo lilipofanyika. Chanjo mpya ikija, kinachoongezwa ni safumlalo moja tu katika jedwali la chanjo.

Mchoro huohuo huibua maswali ambayo muuguzi ndiye mwenye majibu. Je, mlezi wa mtoto ni lazima awe mama yake? Mtoto aliyezaliwa wilaya moja na kuhamia nyingine atatambuliwaje? Mapacha wanaoletwa na bibi yao wataandikwaje? Maswali haya yakiulizwa mbele ya karatasi, jibu lake ni kufuta mstari na kuchora mwingine. Yakiulizwa baada ya mfumo kuanza kutumika, jibu lake huenda likawa kuhamisha kumbukumbu za maelfu ya watoto.

Makundi manne ya programu

Kundi la kwanza ni programu za kuchora kwa ujumla, kama draw.io, LibreOffice Draw na Microsoft Visio. Zinafaa katika hatua ya majadiliano, pale mawazo bado yanabadilika. Udhaifu wake ni kwamba mchoro hubaki picha: jedwali likibadilishwa kwenye kanzidata, mchoro hauna habari.

Kundi la pili ni programu za usanifu zinazoielewa kanzidata. MySQL Workbench hutumika kwa kanzidata za MySQL, pgModeler kwa PostgreSQL, na Oracle SQL Developer Data Modeler hutumiwa zaidi na wanaotumia Oracle. Programu hizi huweza kuugeuza mchoro kuwa amri za SQL za kuunda majedwali, na pia kuisoma kanzidata iliyopo na kuchora muundo wake.

Kundi la tatu huanzia kwenye kanzidata iliyokwisha kujengwa. DBeaver huonesha mchoro wa majedwali yaliyopo, na SchemaSpy huandaa kurasa za maelezo zenye michoro zinazosomeka kwa kivinjari. Hizi ni msaada mkubwa kwa mtumishi aliyerithi mfumo usio na nyaraka.

Kundi la nne ni zana zinazochora kutokana na maandishi, kama PlantUML, Mermaid na dbdiagram.io. Msanifu huandika majina ya majedwali na uhusiano wake, na zana hupanga picha. Kwa kuwa chanzo chake ni maandishi, ni rahisi kuona nani alibadilisha nini na lini, iwapo taasisi hutunza historia ya msimbo wake.

Mambo ya kupima

Jambo la kwanza ni iwapo programu inaielewa aina ya kanzidata inayotumiwa na taasisi. Programu nzuri ya MySQL haitamfaa anayejenga kwa PostgreSQL.

La pili ni iwapo mchoro unaweza kuendelea kulingana na kanzidata miaka ijayo. Mchoro uliopitwa na wakati huweza kudhuru kuliko kukosa mchoro, kwa sababu anayeusoma huuamini. Programu iliyochaguliwa iweze kulinganisha pande mbili na kuonesha tofauti, au walau kuchora upya kutoka kwenye kanzidata yenyewe.

La tatu ni umiliki wa faili. Iwapo mchoro hufunguka kwa programu moja ya kulipia pekee, leseni ikiisha taasisi itabaki na faili isiyosomeka. Mkataba na mkandarasi utamke bayana kuwa faili asilia ya mchoro, pamoja na nakala yake ya PDF na amri za SQL, vitakabidhiwa pamoja na mfumo. Picha iliyobandikwa kwenye ripoti haitoshi.

La nne ni gharama halisi. Programu huria haina ada ya leseni, lakini mafunzo na matunzo yana gharama. Programu ya kulipia nayo inaweza kuwa na thamani yake pale wasanifu wengi wanapohariri muundo mmoja kwa wakati mmoja. Kwa ofisi yenye mtandao usio wa uhakika, programu inayofanya kazi bila intaneti ni hitaji la msingi.

La tano ni usalama. Mchoro hauna majina ya wananchi, lakini huonesha majina yao, namba zao na taarifa za afya zao zimehifadhiwa wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamwajibisha mkusanyaji kuzilinda taarifa hizo, na inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Kwa hiyo, kabla ya kuiunganisha huduma ya mtandaoni na kanzidata inayotumika, mtumishi ajiulize nywila itahifadhiwa wapi na ni nani mwingine anayeweza kuufikia muundo huo. Njia iliyo salama ni kutumia nakala yenye muundo mtupu, isiyo na kumbukumbu za watu. Mchoro wenyewe pia husaidia kutimiza sheria: kila safuwima inayoonekana inaweza kuulizwa inakusanywa kwa madhumuni gani, na isiyo na jibu iondolewe.

Jaribio kabla ya uamuzi

Taasisi isichague kwa kutazama matangazo. Ichukue sehemu ndogo ya mfumo wake, majedwali 5 au 6, iichore kwa programu mbili zinazoshindanishwa. Itoe amri za SQL, iunde kanzidata ya majaribio, ibadilishe jedwali moja, kisha itazame kama mchoro unayatambua mabadiliko. Mwisho, mchoro apewe mtumishi ambaye hakushiriki kuuandaa, aeleze kwa maneno yake mfumo unafanya nini. Akiweza kusema mtoto aliyehama kituo anatunzwaje, programu hiyo imefaulu jaribio lililo muhimu kuliko yote.

Watumishi huhamishwa na mikataba ya wakandarasi hufikia kikomo, ilhali kumbukumbu za wananchi hubaki zikihitajika. Siku mfumo utakapoharibika, au sheria mpya itakapodai ubadilishwe, mchoro sahihi utamwezesha mtumishi aliyepo kujua pa kuanzia.