Ijumaa Nyeusi: jina la askari lililogeuzwa na wenye maduka

Testi zilinibana, leo ndio nimepata upenyo wa kuandika.

Kama mnavyojua, Novemba ikifika na bumu likiwa limeingia, simu zetu hujaa matangazo ya Ijumaa Nyeusi. Juzi hapa hosteli ukazuka ubishi juu ya jina hilo. Mmoja akasema ndiyo siku ambayo watumwa weusi kule Marekani waliuzwa kwa bei ya kutupa. Jamaa wa uhasibu akapinga: eti ni siku ambayo maduka hutoka kwenye wino mwekundu wa hasara na kuingia kwenye wino mweusi wa faida. Mimi mtu wa historia nikaona nisinyamaze. Nimesoma, na majibu yote mawili si kweli.

Tuanze na la watumwa. Utumwa Marekani ulifutwa mwaka 1865 kwa Marekebisho ya 13 ya Katiba, wakati jina hili kwa siku hii limeanza kuonekana miaka ya 1950. Jamani, utumwa ulikuwa na unyama wa kweli wa kutosha, hauhitaji kuongezewa wa kutunga.

Kabla ya hapo "Ijumaa Nyeusi" lilikuwa jina la balaa. Tarehe 24 Septemba 1869, matajiri wawili wa New York, Jay Gould na Jim Fisk, walikuwa wamehodhi dhahabu ili bei ipande. Serikali ya Rais Ulysses Grant ikamwaga dhahabu yake sokoni, bei ikaporomoka, watu wakafilisika. Nyeusi maana yake nuksi, basi.

Sasa njoo Philadelphia, miaka ya 1950 hadi 1960. Wamarekani wana Sikukuu ya Shukrani, ambayo huwa Alhamisi. Ijumaa yake watu walikuwa wanamiminika mjini kuanza manunuzi ya Krismasi, na Jumamosi kulikuwa na mechi kubwa ya mpira wa Kimarekani kati ya timu ya Jeshi la Nchi Kavu na ya Jeshi la Majini. Fikiria Kariakoo ya mkesha wa Idi halafu uongeze dabi ya Simba na Yanga. Foleni haziendi, vibaka wa madukani wanapeta, na askari polisi hakuna likizo, ni zamu ndefu tu. Askari hao ndio walioiita siku hiyo Ijumaa Nyeusi. Lilikuwa lalamiko la mtu aliyechoka kazini.

Wenye maduka hawakulipenda hata kidogo. Mwaka 1961 wakajaribu kuleta jina tamu, "Ijumaa Kubwa". Halikushika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndipo maelezo ya wino mweusi yakaanza kusambaa magazetini. Ujanja wenyewe ni huo: jina limewashinda kulibadili, wakabadili maana yake. Leo hii hadi watu wa uhasibu wanaifundisha kama historia!

Na msidhani hata tarehe ilijipanga yenyewe. Tangu Rais Abraham Lincoln alipoitangaza mwaka 1863, Shukrani iliadhimishwa Alhamisi ya mwisho ya Novemba. Mwaka 1939 Alhamisi hiyo iliangukia tarehe 30. Wafanyabiashara wakalia kwamba siku za kuuza kabla ya Krismasi zitakuwa chache, na Rais Franklin Roosevelt akairudisha nyuma wiki moja, hadi tarehe 23. Nchi ikagawanyika, takriban nusu ya majimbo yakamfuata na mengine yakagoma. Mwishoni mwa 1941 Bunge likamaliza ubishi kwa sheria: Alhamisi ya nne. Yaani sikukuu ya kumshukuru Mungu ilisogezwa kwa ajili ya mauzo.

Nchi za Ghuba nako jina likapata kigugumizi, maana Ijumaa kwa Waislamu ni siku tukufu, utaiitaje nyeusi? Mwaka 2014 duka la mtandaoni la Souq likaanzisha "Ijumaa Nyeupe". Rangi imebadilika, kuuza kuko palepale.

Mwaka 2008, kwenye duka la Walmart huko Valley Stream, jimbo la New York, umati ulivunja milango alfajiri na kumkanyaga mfanyakazi wa muda wa miaka 34 hadi akafa. Alikuwa kazini, kama wale askari wa Philadelphia. Hapo ndipo nilipoona kwa nini hadithi hii ya jina ni muhimu. Maana ya kwanza ilitoka kwa watu wanaofanya kazi siku hiyo, ya pili ikatoka kwa wanaohesabu faida, na ya pili ndiyo iliyoshinda kwa sababu ndiyo yenye pesa za matangazo.

Kwa hiyo wadau, sisemi msinunue. Punguzo likiwa la kweli, chukua, ila uwe umeijua bei ya mwezi uliopita, na ukumbuke bumu hilohilo ndilo la kula hadi lije jingine. Na ukiambiwa asili ya neno lolote la biashara, uliza kwanza: anayenisimulia anauza nini?

Ni hayo tu kwa leo. Tuonane maktaba.