Miji ya Bondeni, Habari za Mlimani

Abiria wengi wa basi la Dar es Salaam kwenda Moshi huikumbuka Korogwe kwa machungwa, Mombo kwa chakula cha haraka na Same kwa joto. Kuanzia Korogwe milima inawafuata mkono wa kulia, kwanza Usambara kisha Upare, na wao hawaipandi. Nasikitika kwa hilo, kwa sababu miji hii ya bondeni haieleweki bila milima yake. Watu, mali na madaraka vilishuka kutoka kule juu, na mara nyingi vilishushwa kwa nguvu. Mwenye gari lake anaweza kukata kona na kupanda kuonana na habari hizo.

Aanzie Pangani. Kabla ya lami na reli, bonde la mto Ruvu, ambao huko mwisho unaitwa Pangani, ndilo lililokuwa barabara. Misafara ilifuata maji kuelekea Kilimanjaro na Umasaini, ikarudi na pembe za ndovu na watumwa. Ndiyo maana mji ule mdogo una nyumba za mawe zilizojengwa kwa fahari, nyingine sasa zikibomoka. Mwaka 1888 watu wake waliwakatalia Wajerumani waliokuja kushika forodha, na vita vikaenea pwani nzima. Kiongozi wao, Abushiri bin Salim, alinyongwa hapo hapo Pangani Desemba 1889. Vuka mto kwa pantoni uende upande wa Kikogwe. Huko ndiko Mjerumani Richard Hindorf alikopanda mkonge mwaka 1893: miche elfu moja iliagizwa kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Safu zile za mkonge utakazoziona hadi Mombo na kuendelea zina asili katika miche hiyo.

Kutoka Mombo ingia barabara ya Lushoto. Inapanda kwa kona kali kandokando ya korongo hadi Soni, penye maporomoko, na hewa inabadilika ghafla. Si mbali na Soni ndipo ilipo Vuga, na ningemshauri msafiri aitengee Vuga muda kuliko mahali pengine popote njiani. Wasambaa husimulia kwamba Mbegha, mwindaji kutoka Nguu aliyefukuzwa kwao kwa mkosi wa kuota meno ya juu kwanza, aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akagawa nyama, akaamua kesi, hata wakampa utawala. Uzao wake ni Wakilindi. Mmoja wao, Kimweri ye Nyumbai, alitawala kutoka Vuga mpaka karibu na pwani. Mmisionari Krapf alimfikia mwaka 1848, na wasafiri Burton na Speke walimpandia mwaka 1857. Wageni walipaswa kupanda, mfalme hakushuka.

Aliyeshuka ni mwanawe, Semboja. Alikaa Mazinde, chini kabisa, mahali misafara ilipopita, kwa kuwa aliona kwamba bunduki na nguo sasa zinapatikana njiani. Kimweri alipofariki miaka ya 1860, Semboja alitumia bunduki hizo kumwondoa mrithi wa kiti cha Vuga. Wabondei, waliokuwa chini ya ufalme huo, nao wakaasi, na kwa miaka mingi Wasambaa na Wabondei walitekana na kuuzana hadi pwani. Abdallah bin Hemedi, aliyemfahamu Semboja kwa karibu, aliandika yote hayo kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, kitabu kinachostahili kuwamo garini. Mazinde ya leo inapitwa kwa dakika chache, mkonge pande zote. Ni vigumu kuamini kwamba hapo ndipo ufalme mzima ulipovunjika.

Wajerumani waliendeleza kazi hiyo ya kushusha. Reli yao ilianza Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911, na kila kituo kikavuta maduka na vibarua. Wenyewe walipanda kuikimbia homa, wakajenga mji wa Wilhelmstal, ndio Lushoto, ambao bado una mitaa yenye ubaridi na matunda ya kizungu. Tembea mpaka Irente utazame bonde lote la Mombo chini yako. Mwenye kupenda mimea apitie Muheza aende Amani, kituo cha utafiti cha mwaka 1902 ndani ya msitu mnene.

Same haina mandhari ya Lushoto, lakini ina jambo kubwa. Januari 1945 maelfu ya wanaume wa Kipare walishuka kutoka vijiji vyao wakapiga kambi penye ofisi ya wilaya, wakipinga mbiru, kodi iliyopangwa kwa makadirio ya mali ya kila mtu. Walikaa pale wiki kwa wiki bila kupigana. Vijiji walivyotoka bado vinafikika: panda kuelekea Chome na mlima Shengena, au Mamba Miamba kwenye mashamba ya tangawizi, ukaone ndiva, mabwawa ya kukusanyia maji ya mifereji, kazi ya Wapare tangu zamani. Ukifika Mwanga, pinda kwenda Usangi. Huko wanawake nao waliandamana kuwadai waume zao, na mwishowe serikali ya kikoloni ikaiacha kodi ile.