Badiliko la entropia katika gesi kamilifu

Badiliko la entropia katika gesi kamilifu ni tofauti kati ya entropia ya gesi mwishoni mwa mchakato fulani na entropia yake mwanzoni. Kwa kawaida huandikwa ΔS, na kipimo chake ni jouli kwa kelvini (J/K). Ukokotoaji wake ni sehemu ya themodinamikia, yaani tawi la fizikia linalochunguza uhusiano kati ya joto, kazi na nishati. Hutumika katika kueleza injini, majokofu na kompresa, na pia katika kujua kama mchakato fulani unaweza kutokea wenyewe au la.

Entropia ni sifa ya hali. Maana yake ni kwamba inategemea hali ya gesi (halijoto, mjao na kanieneo), si njia ambayo gesi ilipitia kufikia hali hiyo. Kwa sababu hiyo badiliko lake hukokotolewa kutokana na hali ya mwanzo na hali ya mwisho tu, hata kama mchakato wenyewe ulikuwa wa ghafla.

Historia

Mwaka 1824 mhandisi Mfaransa Sadi Carnot (1796–1832) alionyesha kwamba ufanisi wa mashine ya joto una kikomo kinachotegemea halijoto za sehemu yake ya moto na ya baridi. Mwanafizikia Mjerumani Rudolf Clausius (1822–1888) aliendeleza wazo hilo, na mwaka 1865 alitoa jina "entropia" kutoka neno la Kigiriki tropē, lenye maana ya "mgeuko". Alichagua umbo hilo kwa makusudi ili lifanane na neno "energia".

Baadaye Ludwig Boltzmann (1844–1906) wa Austria alihusisha entropia na idadi ya namna ambazo molekuli zinaweza kupangika bila hali ya gesi kuonekana tofauti kwa nje. Fomula inayoeleza uhusiano huo imechongwa kwenye kaburi lake mjini Vienna.

Gesi kamilifu

Gesi kamilifu ni kielelezo cha gesi ambamo molekuli huchukuliwa kuwa ndogo mno, hazivutani, na zinapogongana hazipotezi nishati. Gesi hiyo hufuata kanuni:

pV = nRT

ambapo p ni kanieneo, V ni mjao, n ni idadi ya moli, T ni halijoto katika kelvini, na R ni kidumu cha gesi chenye thamani ya 8.314 J/(mol·K). Nishati ya ndani ya gesi kamilifu hutegemea halijoto peke yake. Hewa, nitrojeni, oksijeni na heli katika halijoto na kanieneo za kawaida hukaribia sana kielelezo hiki.

Fomula za msingi

Clausius alieleza badiliko dogo la entropia kuwa ni joto lililoingia likigawanywa kwa halijoto, mradi joto hilo liingie kwa njia inayorudishika. Njia inayorudishika ni ile inayokwenda polepole kiasi kwamba gesi hubaki katika msawazo wakati wote, na mchakato unaweza kugeuzwa nyuma bila kuacha badiliko lolote mahali pengine.

Katika njia hiyo, joto linaloingia hugawanyika sehemu mbili: moja huongeza nishati ya ndani (n·Cv·dT), nyingine hufanya kazi ya kusukuma (p·dV). Zikigawanywa kwa T, na p ikiandikwa kama nRT/V, jumla ya mabadiliko yote madogo huwa:

ΔS = n·Cv·ln(T2/T1) + n·R·ln(V2/V1)

Iwapo kanieneo inajulikana badala ya mjao, hutumika umbo hili:

ΔS = n·Cp·ln(T2/T1) − n·R·ln(p2/p1)

Hapa ln ni logi asilia, namba 1 ni hali ya mwanzo na 2 ni ya mwisho. Cv ni joto linalohitajika kupandisha moli moja kwa kelvini moja mjao usipobadilika, na Cp ni lile linalohitajika kanieneo isipobadilika. Daima Cp = Cv + R. Kwa gesi za atomu moja kama heli, Cv ni takriban 12.47 J/(mol·K), kwa gesi za atomu mbili kama nitrojeni, ni takriban 20.8 J/(mol·K) katika halijoto za kawaida.

Michakato ya kawaida

- Mjao usiobadilika: kipande cha pili cha fomula ya kwanza huwa sifuri. Moli 1 ya nitrojeni ikipashwa kutoka 300 K hadi 400 K, ΔS = 20.8 × ln(400/300) = takriban 5.98 J/K.
- Kanieneo isiyobadilika: hutumika Cp. Kwa nitrojeni hiyohiyo na halijoto zilezile, ΔS = 29.1 × ln(400/300) = takriban 8.37 J/K. Thamani ni kubwa zaidi kwa sababu gesi imepata joto na pia imetanuka.
- Halijoto isiyobadilika: hubaki n·R·ln(V2/V1) tu. Moli 1 ikitanuka hadi mara mbili ya mjao wake, ΔS = 8.314 × ln 2 = 5.76 J/K.
- Mchakato unaorudishika bila joto kuingia wala kutoka: ΔS = 0. Moli 1 ya heli ikitanuka hivyo hadi mara mbili ya mjao wake, hupoa kutoka 300 K hadi takriban 189 K. Entropia iliyoongezeka kwa kutanuka (5.76 J/K) hulingana kabisa na ile iliyopungua kwa kupoa.

Kutanuka huru

Kosa la kawaida katika somo hili ni kudhani kwamba pasipo joto kuingia, entropia haibadiliki. Kutanuka huru huonyesha kwa nini dhana hiyo si sahihi.

Chombo kilichozuiwa joto kisiingie wala kutoka hugawanywa kwa ukuta mwembamba. Upande mmoja una moli 1 ya gesi, upande wa pili una ombwe lenye mjao sawa. Ukuta ukiondolewa, gesi hujaza chombo chote. Hakuna joto lililoingia, na gesi haikufanya kazi kwa kuwa haikuwa na kitu cha kusukuma. Nishati yake haikubadilika, hivyo halijoto pia haikubadilika. Mwaka 1845 James Prescott Joule wa Uingereza alifanya jaribio la namna hii kwa vyombo viwili vilivyounganishwa na kuzamishwa majini, naye hakuona badiliko la halijoto ya maji.

Joto likiwa sifuri, mtu anaweza kuandika ΔS = 0/T = 0. Jibu hilo si sahihi, kwa sababu fomula ya Clausius inahitaji njia inayorudishika, na gesi iliyokimbilia ombwe hairudi yenyewe upande mmoja. Njia sahihi ni kufikiria mchakato mwingine wenye mwanzo na mwisho uleule lakini unaorudishika: gesi isukume pistoni polepole huku ikipokea joto kutoka nje ili ibaki kwenye 300 K. Joto litakaloingia ni 1,729 J, na 1,729/300 = 5.76 J/K. Kwa kuwa entropia ni sifa ya hali, jibu hilo ni la kutanuka huru pia.

Mazingira na kanuni ya pili

Michakato hiyo miwili hutofautiana katika mazingira, si katika gesi. Katika mchakato wa pistoni, mazingira hutoa joto na kupoteza 5.76 J/K, hivyo jumla ni sifuri. Katika kutanuka huru mazingira hayaguswi, hivyo jumla ni +5.76 J/K. Kanuni ya pili ya themodinamikia husema kwamba jumla hiyo haiwezi kuwa chini ya sifuri: ni sifuri katika mchakato unaorudishika, na zaidi ya sifuri katika mchakato wowote halisi.

Entropia ya gesi peke yake inaweza kupungua, kwa mfano gesi inapopozwa, mradi ile ya mazingira iongezeke kwa kiasi kilekile au zaidi. Ongezeko la jumla lina gharama yake: katika kutanuka huru, kazi ya 1,729 J ambayo ingeweza kupatikana kwa pistoni imepotea, na kuirudisha gesi upande mmoja kutahitaji angalau kazi hiyohiyo.

Mchanganyiko wa gesi

Moli 1 ya nitrojeni na moli 1 ya oksijeni zenye halijoto na kanieneo sawa zikiachwa zichanganyike, kila moja hutanuka hadi mara mbili ya mjao wake. Kwa hiyo ΔS = 2 × 5.76 = 11.53 J/K. Ikiwa pande zote mbili zina gesi ya aina moja, kuondoa ukuta hakubadilishi hali yoyote na ΔS ni sifuri. Tofauti hiyo huitwa kitendawili cha Gibbs, kutokana na Mmarekani Josiah Willard Gibbs (1839–1903).

Mambo ya kuzingatia

- Halijoto lazima iwe katika kelvini. Kutoka 27 °C hadi 127 °C uwiano sahihi ni 400/300 = 1.33, kutumia selsiasi kungetoa 4.7.
- Fomula hizi huchukulia kwamba Cv na Cp hazibadiliki. Halijoto ikibadilika kwa mamia mengi ya kelvini, thamani hizo hubadilika pia.
- Gesi halisi yenye kanieneo kubwa sana, au iliyo karibu kugeuka kimiminika, haifuati fomula hizi kwa usahihi.
- Karibu na 0 K fomula hazifai, kwa sababu hutoa entropia inayoshuka bila kikomo, jambo linalopingana na kanuni ya tatu ya themodinamikia.