Taa ya Injini: Kutoka California Hadi Gerezani

Kwenye gereji za Gerezani, hatua chache kutoka soko la Kariakoo, zamani mteja aliulizwa gari linalia vipi. Siku hizi anaulizwa kama taa imewaka. Taa yenyewe ni ya manjano, ina umbo la injini, na ikiwaka tu dereva anaanza kupiga hesabu za pesa kabla hajaegesha. Tumezoea kuidhani kengele ya mwenye gari. Historia yake inasema vingine: iliwekwa kwa ajili ya mtu asiye na gari, yule anayetembea kando ya barabara akivuta moshi.

Habari inaanzia Los Angeles, jiji la Marekani lililokuwa likifunikwa na ukungu wa moshi tangu miaka ya 1940. Ili kuupunguza, magari mapya yalianza kufungwa kisafisha moshi kwenye bomba la ekzosi mwaka 1975. Mafundi wetu wanakiita masega, kwa kuwa ndani kina vijitundu kama sega la nyuki. Masega hufanya kazi vizuri pale tu mafuta na hewa vinapochanganywa kwa kipimo sahihi, kazi iliyoishinda kabureta. Ndipo kompyuta ikaingia. Mwaka 1981 General Motors ilizifunga kwenye magari yake mengi, na pamoja nazo taa ya kumwambia dereva kuwa kuna hitilafu. California ikadai magari ya toleo la 1988 yajikague yenyewe, na kuanzia toleo la 1996 sheria ya Marekani yote ikataka kila gari dogo jipya liwe na soketi moja ya pini 16 karibu na dereva, na kodi za aina moja. Tangu hapo P0301 ni silinda ya kwanza inayomisi, na P0420 ni masega yaliyochoka, iwe Toyota au Ford.

Miaka hiyohiyo Dar es Salaam ilikuwa na shida nyingine. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikuwa haba na spea zilikuwa haba zaidi. Fundi alichonga, aliunganisha, alitoa chombo kwenye gari moja akafunga kwenye jingine. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, anazichukua gereji za mitaani za Tanzania kama mahali pa maarifa, si pa kubahatisha. Sikio, pua na kiganja vilikuwa vipimo.

Kisha milango ikafunguliwa. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na mageuzi ya 1986 yakaendeleza njia hiyo. Magari yaliyotumika Japani yakaanza kushuka bandarini, yakiwa na kompyuta ndani. Toyota nyingi za wakati huo hazikuhitaji mashine ya kupimia. Fundi anayejua alichukua kipande cha waya, akaunganisha tundu la TE1 na la E1 chini ya boneti, akawasha swichi na kuhesabu taa inavyokonyeza. Mara mbili, kimya kidogo, mara mbili tena: 22, sensa ya joto la maji. Ikikonyeza mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa.

Ila taa hiyo ilikuwa imefika mahali ambapo mafuta yenyewe yalikuwa adui yake. Petroli yenye risasi huua masega na kupofusha sensa ya oksijeni. Nchi za kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiacha, na kufikia Januari 2006 zilikuwa zimeiacha. Kabla ya hapo, gari lililoundwa kusafisha moshi wake lilijazwa, kwenye kituo cha mafuta, sumu ya kifaa chake cha kusafishia.

Karibu na wakati huohuo, mwaka 2005, kampuni ya Kanada iitwayo ELM Electronics ilitoa chipu ya ELM327, inayotafsiri lugha ya soketi ya pini 16 kwa kompyuta ya kawaida. Toleo la kwanza halikufungwa dhidi ya kunakiliwa, na nakala zikazagaa duniani. Leo kifaa chenye ukubwa wa kiberiti kikichomekwa kwenye soketi, na programu kama Torque ikiwa kwenye simu, kijana aliyemaliza chuo juzi anaona alichokuwa akikisoma wakala wa kiwanda peke yake. Si kila gari litamjibu: mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayakufungwa na sheria ya Marekani, na huwa na soketi ileile lakini lugha tofauti.

Na hata likijibu, kodi si spea. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Haisemi kama ni mpira wa hewa uliopasuka, pampu iliyochoka au sensa yenye vumbi. Anayenunua sensa kwa sababu simu imeitaja anaweza kutoa pesa mara tatu kwa mpira mmoja. Hapo sikio la mzee wa Gerezani linarudi kazini: linasikia hewa inavyopenya.

Kifaa hicho kina kitufe kingine, cha kufuta. Kwa sekunde chache taa inazimika, na gari linauzwa likiwa na uso safi. Mnunuzi ana njia mbili za kujilinda. Kwanza, ukiwasha swichi bila kuwasha injini, taa lazima iwake. Isipowaka, huenda imetolewa au kuzibwa. Pili, kufuta kunaacha alama: vipimo vya kompyuta hurudi kuwa "havijakamilika" mpaka gari liendeshwe vya kutosha. Programu ya simu inayaonyesha hayo. Waombe wakuonyeshe kabla hujatoa pesa.

Lakini hakuna njia kama hizo kwa mpita njia. Masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na yana soko. Yanaweza kukatwa na kuuzwa, bomba tupu likafungwa, na sensa ikahadaiwa ili P0420 isirudi. Trafiki akikusimamisha barabara ya Uhuru, kwa kawaida ataangalia leseni, bima na tairi. Hachomeki chochote kwenye soketi. Gari litaenda vizuri tu, na mwenye gari hatapoteza kitu. Anayepoteza ni muuza machungwa aliyesimama kwenye foleni ya Msimbazi tangu asubuhi, na ndiye hasa aliyewashiwa taa.