Matatizo ya mapigo ya moyo

Matatizo ya mapigo ya moyo ni hali ambapo moyo hupiga haraka mno, polepole mno au bila mpangilio. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika kwa kawaida hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Dalili ni pamoja na moyo kwenda mbio, kizunguzungu na kuzimia. Hutambuliwa kwa kipimo cha umeme wa moyo.

Wengine hutibiwa kwa dawa. Mapigo ya polepole mno huweza kuhitaji betri ya moyo, inayopandikizwa chini ya ngozi ya kifua. Nchini Tanzania kazi hiyo hufanywa na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Kutoka Igwachanya, mkoani Njombe, ni safari ya zaidi ya kilomita 600; kwa hiyo kupimwa mapema na kupewa rufaa huokoa maisha.