Kalkulasi Bila Mwalimu

Mwaka 1910 kampuni ya Macmillan ya London ilitoa kitabu chembamba cha hesabu ambacho mwandishi wake hakutaja jina. Kiliitwa Calculus Made Easy, na aliyekiandika alikuwa Silvanus P. Thompson, profesa wa fizikia aliyefundisha uhandisi wa umeme katika chuo cha Finsbury. Sura ya kwanza inamwondolea msomaji hofu ya alama mbili tu: d, isomwe “kijisehemu cha”, na ile S iliyorefushwa, isomwe “jumla ya”.

Njia yake inaonekana vizuri kwenye kiwanja cha mraba. Upande ukiwa mita 10, eneo ni mita za mraba 100. Upande ukirefuka kwa sentimita 1, eneo linafika 100.2001. Ile 0.2 imetoka kwenye vipande viwili vyembamba vilivyoongezeka kandoni, 0.0001 ni kijimraba kilichojaza kona. Thompson hukitupa kijimraba hicho kwa kuwa ni kijisehemu cha kijisehemu, kisha, ili kupata kasi ya eneo kukua upande unaporefuka, hugawa 0.2 kwa 0.01. Jibu ni 20, mara mbili ya upande. Hakuna mhadhiri aliyehitajika.

Mbinu hiyo ilikuwa na umri wa zaidi ya karne mbili. Kitabu cha kwanza cha kufundishia kalkulasi, cha Guillaume de l'Hôpital, kilichotoka Paris mwaka 1696, kilisimama juu ya vijisehemu hivyohivyo. Mwaka 1748 Maria Gaetana Agnesi wa Milan akaandika chake kwa Kiitaliano, kwa ajili ya vijana wa nchi yake.

Dosari nayo ilijulikana mapema. Mwaka 1734 Askofu George Berkeley aliuliza inakuwaje kitu kisiwe sifuri wakati wa kugawa, halafu kihesabiwe sifuri wakati wa kutupa. Lilikuwa swali la haki. Augustin-Louis Cauchy alilijibu mwaka 1821 kwa dhana ya kikomo, yaani thamani inayokaribiwa bila kulazimika kufikiwa, katika kitabu cha wanafunzi wa École Polytechnique, na Karl Weierstrass akalikamilisha jibu hilo mjini Berlin.

Vitabu vya leo vimejengwa hapo. Kile cha James Stewart, kilichotoka kwanza mwaka 1987, kina kurasa zaidi ya 1,000 na mazoezi kwa maelfu, na mazoezi ndiyo humwonyesha mtu alipokosea. Lakini kimepangwa kwa mihula ya chuo, vikomo vikitangulia. Anayejisomea peke yake huweza kukwama humo kabla hajaona kalkulasi inafanya kazi gani.

Wapo waliojisomea wakafaulu: Richard Feynman, aliyekuja kuwa mwanafizikia mashuhuri, akiwa kijana wa Far Rockaway, New York, alianzia kwenye Calculus for the Practical Man cha J. E. Thompson, akiandika maelezo yake daftarini. Baadaye mwalimu wake wa sekondari akampa kitabu cha Frederick Woods cha mwaka 1926. Humo akapata mbinu ya kutafuta jumla ambayo vyuo havikuitilia mkazo, akaitumia miaka mingi.

Miaka ya 1960 Abraham Robinson alithibitisha kwamba vijisehemu vya zamani vinaweza kusimama juu ya mantiki kamili, na mwaka 1976 H. Jerome Keisler akavitungia kitabu cha kiada, ambacho sasa husomwa bure mtandaoni. Cha Silvanus Thompson pia ni bure, kwani hakimiliki yake imekwisha. Anayejisomea leo anaweza kuanza nacho, akafanya mazoezi ya Stewart, kisha akitaka uthibitisho akafungua kitabu cha Michael Spivak cha mwaka 1967, ambamo vikomo vinaelezwa hatua kwa hatua.